Kibarua Katika Kiti Changu Mwenyewe

Kwa wale ambao gazeti la juma lililopita lilifungiwa chapati kabla hawajalisoma: mimi ni Masinde, daktari wa mifugo, Mkenya wa Busia ninayeishi huku Nsambya, ng'ambo ya mpaka, na nilikuwa na kazi. Kazi ya mshahara, katika kliniki ya wanyama pale Kabalagala. Sikufukuzwa. Niliiacha mwenyewe, nikiwa na akili zangu zote, ili niwe daktari wa kujitegemea, yule ambaye kliniki ikipungukiwa na mtu inamwita kwa siku kadhaa, inamlipa, naye anaenda zake bila kumnyenyekea yeyote.

Hesabu yangu ilikuwa safi. Mshahara ulikuwa milioni moja na laki mbili kwa mwezi, shilingi za huku. Daktari wa kibarua analipwa laki moja na nusu kwa siku. Nikazidisha kwa siku zote za kazi za mwezi, nikajiona nimekuwa tajiri. Ambazo sikuzihesabu ni zile siku ambazo simu hailii.

Juma lililopita mliniacha kando ya barabara kule Mukono nikiwa na trei za mayai, ambayo ndiyo yalikuwa malipo yangu baada ya kuchanja kuku wa shamba zima, na simu ikilia mfukoni. Baadhi yenu mmeniandikia kuuliza mayai yaliishia wapi. Hayajaisha. Tunayala asubuhi, mchana na jioni.

Aliyekuwa akipiga simu ni Dk. Lamwaka, mwenye ile kliniki ya Kabalagala. Bosi wangu wa zamani.

"Masinde, wewe uko wapi?"

"Kazini," nikajibu, nikiyaweka mayai vizuri.

"Yule daktari nilichukua nyuma yako ameenda Juba. Wanyama wamejaa hapa, mtu sina. Unaweza kuja kunishikia kiti wiki mbili hivi, mpaka nipate mtu? Nitakulipa ile bei yenu ya siku."

Mnaona mambo hayo. Alitaka kunikodi nikakalie kiti changu mwenyewe, kwa bei inayozidi mara tatu ile aliyokuwa akinilipa nilipokuwa mwenye kiti.

"Ngoja nitazame ratiba yangu," nikasema. Nikatazama mayai, nikamwambia nafasi ipo.

Mke wangu Nabwire anauza nguo za watoto za mitumba katika soko la Owino. Wakati huo alikuwa mjamzito wa miezi minane, anakaa juu ya robota lake la nguo na bado anawazidi wauzaji wenye miguu mepesi. Nilipomweleza habari ya Dk. Lamwaka alikunja kwanza vinguo viwili vitatu.

"Baba Vera, hiyo ndiyo kazi yako. Iombe."

Nisimame hapa niwaeleze kilichokuwa kinatusumbua, maana ndicho kisa chote cha juma hili. Nilipokuwa mwajiriwa, kliniki ilitulipia bima. Vera, binti yetu wa kwanza, alizaliwa kwa upasuaji pale hospitali ya mlimani Nsambya, na sisi tulichotoa mfukoni ni nauli na uji. Sasa Nabwire alikuwa ameshaambiwa kwamba huyu wa pili naye huenda akaja kwa kisu. Lakini siku niliyoacha kazi, kadi ya bima ilibaki mezani kwa Dk. Lamwaka. Kwa hiyo mtoto alikuwa njiani, bima hakuna, na baba yake alikuwa mtu huru.

"Siombi," nikamwambia. "Nataka niombwe."

"Kwa nini?"

"Si wewe uliyenifundisha? Mteja akionyesha kwamba ameipenda nguo, amekwisha. Anayejua kununua anaishika kama vile ina harufu, anaiacha, anaondoka polepole. Muuzaji mwenyewe atamwita arudi."

"Hiyo ni nguo, Baba Vera. Nguo haizai."

Lakini mimi nilikuwa nimekata shauri. Ningekaa kwenye kile kiti nikionekana sina haja nacho, mpaka Dk. Lamwaka aniite nirudi.

Kurudi kibarua mahali ulipokuwa umeajiriwa ni elimu. Nilikuta kiti kile kile, mbwa wale wale, hata yule paka wa baa ya jirani anayepigana kila mwisho wa wiki na kuletwa Jumatatu akiwa na sikio lililochanika. Kilichobadilika ni mimi. Glavu zilikuwa zangu, nimenunua. Koti jeupe langu. Kipimo cha kusikilizia moyo changu. Boda ya kunileta na kunirudisha, mfuko wangu. Leseni ya bodi, ambayo zamani Dk. Lamwaka alinilipia huku nikilalamika kwamba ananifunga, sasa nilijilipia mwenyewe bila kufungwa na mtu. Na kabla ile laki na nusu haijanifikia mkononi, kodi ilikuwa imeshakata kipande chake.

Siku moja mvua ilinyesha tangu asubuhi, wanyama hawakuja, nikarudishwa nyumbani na malipo ya nusu siku. Nilipokuwa mwajiriwa, mvua ilikuwa mapumziko.

Lakini lililoniuma zaidi lilikuwa la chakula. Saa saba mchana Shamirah, dada wa mapokezi, ambaye pia ndiye mpishi wetu, tena ndiye muuza chakula cha mbwa dukani hapo mbele, alipakua posho, yaani ugali wa huku, na maharage. Zamani niliyadharau maharage yale, nikisema hayana hata kitunguu. Siku hiyo harufu yake ilinifuata mpaka chumba cha upasuaji. Nikaja, nikavuta kiti.

"Daktari, usinikasirikie," akasema Shamirah, upawa ukiwa mkononi. "Bosi arisema chakura ni ya wafanyakazi tu. Wewe ni wa kuripwa kwa siku."

Nikatoka nje kununua chapati ya mayai. Mayai, jamani. Tena nikayalipia.

Dk. Lamwaka ni mwanamke wa Gulu, mrefu, asiyependa maneno mengi. Kiswahili alikiokota utotoni kwenye kambi ya jeshi alikokuwa baba yake, na anakitumia kama anayetoa amri hata anapokuuliza hali. Wiki ya pili ilipoanza aliniita ofisini, akafunga mlango.

"Hii kiti lazima nijaze kabla mwezi kwisha," akasema. "Ijumaa watu wa bima wanakuja, nataka jina iwe tayari. Wewe unajua hii kazi kushinda mtu yote. Niambie, daktari mzuri nimupe nini ndiyo asikimbie?"

Ndugu zangu, hivyo ndivyo muuzaji anavyokuita: hasemi rudi, anauliza ulikuwa na bei gani. Nikakunja miguu, nikatazama dari.

"Milioni moja na laki mbili ni dharau," nikasema. "Milioni mbili."

"Mbili." Akaandika.

"Chakula cha mchana. Glavu na koti za kliniki. Leseni alipiwe. Akienda kwa ng'ombe wa watu, nauli iwe yenu."

"Sawa."

Alikuwa anakubali upesi mno. Mtu mwenye akili angeshtuka. Mimi nilinogewa.

"Na bima," nikaendelea. "Bima kwa mfanyakazi, mwenzake na watoto, ianze siku ya kwanza. Hata kama kuna mjamzito tayari."

Dk. Lamwaka aliacha kuandika. Akanitazama, akangoja. Akaendelea kungoja.

"Hata kama kuna mjamzito tayari," akarudia polepole.

"Ni mfano tu," nikasema.

"Mfano." Akashusha pumzi, akaandika. "Basi. Kuna kijana mmoja ananipigia simu kila siku, anaitwa Byron, wa kwenu Kenya. Kesho anakuja. Wewe utampima, uniambie kama ni mtu wa kazi."

Nusura nicheke mbele yake. Kila anayeijua Owino anamjua huyo Byron. Ni yule mteja wa pili ambaye muuzaji husema ameshaacha rubuni, pesa ya kuishikia, kwa ajili ya suruali hiyo hiyo, na kwamba jioni anakuja kuichukua. Jioni ikifika huwaoni, si yeye wala rubuni yake.

Nyumbani nilimwambia Nabwire kazi imerudi.

"Amekwambia?"

"Si kwa mdomo."

"Sasa amekwambia kwa kitu gani?"

"Kwa bei. Amekubali kila kitu nilichotaja, hata bima ya kujifungua. Ijumaa watu wa bima wanakuja. Piga picha zile ndogo, uzilete kliniki."

"Na wewe umemwambia unaitaka?"

"Mambo hayakufika huko."

Alinitazama kwa muda mrefu. Nilidhani furaha imemzidi.

Tatizo ni kwamba Byron alikuja. Alikuwa na mikono, miguu, na viatu vilivyopigwa kiwi mpaka vikachoka. Mjaluo wa Kisumu, umri wake na wangu haupishani sana, lakini akaniita mkubwa kabla hata sijamkaribisha kiti. Nilishtuka kidogo, kisha nikajipa moyo. Dk. Lamwaka ni mjanja kuliko nilivyodhani, nikajiambia, amenitafutia mpaka mteja wa pili mwenyewe.

Asubuhi hiyo hiyo simu yangu ililia. Ni Hajati Safinah, mama wa Kinubi mwenye ng'ombe wa maziwa kule Kibuli, mteja wa kliniki tangu zamani.

"Masinde, mwanangu, ng'ombe yangu nasukuma tangu alfajiri, mtoto hatoki. Kuja wewe peke yako. Ya kliniki ni ghali sana. Mimi nakupa laki hapa mkononi, tunamaliza, Mungu anaona."

Daktari wa kibarua ana sheria moja ambayo akiivunja haitwi tena popote: haibi mteja wa kliniki iliyomkodi. Kila mteja anaijua sheria hiyo, ndiyo maana wanakupigia moja kwa moja. Mwezi mmoja nyuma ningejikuna kichwa nikamwambia Hajati asubiri niwaze. Siku hiyo nilimkatalia pale pale, kwa sauti ya mtu mwenye heshima zake. Uaminifu haukunipa shida yoyote, kwa kuwa nilishajihesabu nina mshahara.

"Hajati, nakuja kwa jina la kliniki. Tena nakuja na daktari mwingine."

"Wawili? Mimi nitalipa wawili?"

"Utalipa mmoja, Hajati."

"Basi kuja mbio. Hii ng'ombe iko nataka kufa."

Ndama alikuwa amekunja mguu mmoja wa mbele kurudi nyuma, pua yake imekwama mlangoni. Nikamwambia Byron, haya, daktari. Mimi nikaushika mkia, nikajiandaa kumwona mtu akiaibika.

Hakuaibika. Alivua shati, akajipaka sabuni mpaka begani, na badala ya kuvuta akamsukuma ndama arudi ndani kwanza. Akasubiri ng'ombe amalize kukazana, ndipo akaingiza mkono tena na kuufunika ukwato kwa kiganja ili usimpasue mama yake. Muda wote alikuwa akimbembeleza ng'ombe kwa Kijaluo. Mguu ukanyooka. Tukafunga kamba, tukavuta sote wawili, ndama akatoka, jike, akapiga chafya. Hajati Safinah akamshukuru Mungu kwa Kiarabu, kwa Kinubi na kwa Kiswahili.

Kazi yangu mimi ilikuwa mkia, na hata huo sikuushika vizuri. Ng'ombe alijigeuza, simu yangu ikaanguka, akaikanyaga. Kwa mwajiriwa hiyo ingekuwa hasara ya kazini. Kwa kibarua ni simu yake.

Tulikuwa tunanawa kwenye ndoo moja Byron alipoanza kuongea.

"Mkubwa, nikwambie kitu? Mimi nilikuwa na kazi Jinja. Ya mshahara, na nyumba juu. Mwaka jana kwa mchango wa mazishi ya mzee Ondiek, pale Namuwongo, wewe ulisimama ukaongea. Ukasema daktari akikubali mshahara anajiuza kwa rejareja. Nilirudi nyumbani hayo maneno yakaninyima usingizi. Jumatatu nikaandika barua ya kuacha kazi."

Nilimkumbuka vizuri huyo msemaji. Alikuwa na wiki moja tu ya uhuru, na suti aliazima.

"Na sasa?" nikauliza.

"Sasa bibi na watoto nimewarudisha Kisumu kwa mamangu, mimi nalala kwa binamu. Kuna siku naitwa, nyingi siitwi. Lakini sikulaumu, mkubwa. Mimi ndio sikuiweza. Wewe naona imekukubali."

Niliona aibu, nasema wazi. Nilitaka kumweleza habari ya mayai. Badala yake nikamwambia ajitahidi tu, Mungu yupo.

Jioni Dk. Lamwaka alinisubiri mlangoni. "Yuko namna gani?"

Ningeweza kumwangusha kwa neno moja. Lakini yule ndama alikuwa hai na mimi nilikuwa nimeona kwa macho yangu. Isitoshe nilikuwa na hakika kiti ni changu, na mtu aliyeshinda hapungukiwi kitu akimsifu mwenzake.

"Ni mzuri. Pengine kunishinda."

"Kwa hiyo nimuchukue?"

Hapa ndipo pa kuiachia suruali na kuondoka polepole. Nikainua mabega. "Ningekuwa wewe ningemchukua leo."

"Masinde." Alivua miwani. "Hakuna kitu unataka kuniambia?"

"Hakuna."

"Kabisa?"

"Kabisa, daktari."

Akavaa miwani yake, akaingia ndani. Nilipanda boda nikipiga mluzi.

Ijumaa niliitwa ofisini. Byron alikuwa ameketi, shati jipya, mkataba mbele yake, na jina lililochapwa juu lilikuwa lake.

"Nilitaka na wewe uwe hapa," akasema Dk. Lamwaka. Kisha akamwambia Byron, "Masharti yote ni ya Masinde. Mimi sikutoa hata moja."

Byron akasimama, akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili.

"Milioni mbili, mkubwa. Mimi ningeomba moja, tena nikitetemeka. Na bima ya familia yote. Nilisoma nikadhani wamekosea. Naomba nitoke nimpigie bibi yangu."

Akatoka. Nilibaki nimeukodolea macho mkataba ule. Kila neno lilikuwa langu. 

"Nilidhani," nikaanza.

"Mke yako alikuja hapa," Dk. Lamwaka akanikatiza. "Kabla mimi kukupigia ile simu ya kwanza. Na ile tumbo yake alipanda hizi ngazi zote. Akaniambia, bwana yangu hawezi kuomba, kiburi inamuzuia, wewe muite tu. Nikamwambia, kumuita nitamuita. Lakini kuomba ataomba yeye mwenyewe. Mtu alinikimbia mara moja, kama hasemi anarudi, kesho atakimbia tena."

Nabwire hakuwa amenigusia hata kidogo.

"Nilikungoja, Masinde. Nilikuuliza bei. Nilileta mtu mwingine uone kiti inaenda. Nikakuuliza na mdomo yangu, mara mbili. Wewe unaniambia ni mfano tu."

Basi nikalisema lile neno. Lilinitoka dogo na kavu. "Naomba."

"Sasa hivi?" Akanyoosha kidole dirishani. Byron alikuwa uani, simu sikioni, anacheka na kujipangusa macho. "Bibi yake huko anafunga mizigo. Nitamwambia nini? Kama yeye mwenyewe anaacha, sawa, kiti ni yako. Lakini mimi kumutoa, hapana."

Wazo la kwanza lililonijia ni kumpigia Nabwire nimwambie asije. Wazo la pili ni kwamba sina simu.

Nabwire aliingia akiwa amevaa gomesi, lile vazi lake refu la kanisani, bahasha ya picha mkononi, Byron nyuma yake akimshikia mlango. Akapiga magoti mbele ya Dk. Lamwaka, kwa shida, tumbo likimzuia.

"Mama daktari, Mungu akubariki. Umeturudishia kazi."

Dk. Lamwaka akamwinua, akanitazama mimi. Mimi nikatazama sakafu.

"Na huyu ni nani?" Nabwire akauliza.

"Daktari mpya," akajibu Dk. Lamwaka. "Mume yako ndiye amemuchagua."

Nabwire hakupiga kelele. Ningeshukuru kama angepiga. Aliirudisha bahasha kwenye mkoba, akauona mkataba na kalamu juu yake, akamgeukia Byron.

"Daktari, umesaini?"

"Bado, mama."

"Basi tutoke kidogo, mimi na wewe. Beba na hiyo karatasi."

Byron akanitazama kama anayeomba ruhusa. Nikamwitikia kwa kichwa, nikiwa mtu asiye na mamlaka hata juu ya kikombe katika nyumba ile. Wakatoka.

Nitasema ukweli, nilifurahi. Nilijua yule mtu ana mke na watoto kwa mama yake Kisumu, nikafurahi hivyo hivyo, kwa sababu tangu nimjue Nabwire hakuna mteja aliyemshinda. Dirishani nilimwona ameketi juu ya kreti ya soda, anaongea, mkono tumboni, na Byron ameinamisha kichwa akiitikia. Nikaona mambo yameiva. Halafu Byron naye akaanza kuongea. Aliongea sana, akageuza kurasa za mkataba, akamwonyesha hapa na pale. Nabwire akauondoa mkono tumboni, akasikiliza. Kuna wakati aligeuka akatazama dirisha niliposimama, nami nikarudi nyuma.

Waliporudi macho yake yalikuwa mekundu. Akachukua kalamu mezani, akampa Byron.

"Saini, daktari."

"Mama, lakini nimekwambia mimi naweza kuiacha..."

"Nimesikia ulichosema. Saini."

Byron akasaini, akaiweka kalamu chini kwa uangalifu mkubwa.

"Mama Vera," nikasema, "umefanya nini?"

"Ameniambia alivyoacha kazi yake," akajibu bila kunitazama. "Na aliyemshauri amemtaja. Sasa nimpokonye na hii?"

Dk. Lamwaka hakujua tunazungumza nini, lakini hakuuliza. Nabwire akamgeukia yeye, akaitoa tena ile bahasha na kuiweka mezani.

"Mama daktari, kijana amenisomea masharti. Bima ni kwa mfanyakazi, siku ya kwanza, hata kama ni mjamzito tayari. Pale hapakuandikwa daktari. Hapo mbele nimemkuta dada mmoja anapika, anapokea watu, anauza dukani. Wateja wawili wameondoka mimi nikiingia, hakuna aliyewauliza wanataka nini. Mimi kuuza ndiyo kazi yangu. Naomba kazi."

Kwake lile neno halikukwama popote.

Dk. Lamwaka alimtazama, akalitazama tumbo, akazitoa picha kwenye bahasha akazitazama nazo. Kisha akavuta kiti, akamwambia aketi. Byron akasogea kumpisha. Nami nikavuta kiti kilichobaki.

"Hapana, Masinde," akasema Dk. Lamwaka. "Wewe ngoja huko nje. Hapa tunaongea mambo ya wafanyakazi."